Kamsa ya Kulipia: Kuitika si Kufika

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wahenga walionena hivyo hawakuona haja ya kuongeza kwamba jambo likiwapo watu hutoka nje, kwani kwao hilo lilikuwa wazi kama mchana. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumwita jirani wakati wa shida: yowe, ukunga, ukemi, nduru, kamsa. Tofauti zake ni za lahaja na za mahali, ila yote yana jambo moja ndani yake. Anayepiga kamsa anaamini kwamba yuko anayesikia, naye anayesikia anajua kwamba anaitwa yeye. Nilikolelewa mimi, magharibi mwa nchi hii, mtu aliyesikia nduru usiku kisha akajifunika blanketi alikuwa na maswali ya kujibu mbele ya wazee kulipopambazuka.

Siku hizi kamsa inauzwa, nayo hulipiwa kwa mwezi. Kampuni huja na ngazi na nyaya, ikatundika king'ora chini ya dari, ikabandika kibao langoni kuwaonya wezi, na kumkabidhi bawabu kitufe cha dharura. Akikibonyeza, ishara husafiri kwa mawimbi ya redio hadi chumba cha mitambo mjini, na kutoka huko hutumwa gari lenye walinzi waliovaa kofia ngumu na kushika marungu. Biashara hii imeenea majumbani, madukani, makanisani na, jambo linalotuhusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu, mashuleni. Swali ninalotaka tulitazame leo ni la sheria, ingawa mimi si mwanasheria bali mwalimu wa isimu: anayeuza kamsa huwa ameahidi nini hasa?

Nisingelifikiria swali hili lau dada yangu mdogo, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni, hangenipigia simu asubuhi moja mwishoni mwa Aprili 2023. Wanafunzi walikuwa wamekwenda likizo. Wezi walikuwa wamebandua mabati ya maabara ya kompyuta na kubeba kompyuta kumi na nane, zile ambazo wazazi walikuwa wamezichangia kwa misimu mitatu. Bawabu, mzee aliyelinda lango lile tangu dada yangu hajahamishiwa shuleni hapo, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na polisi. Akalala rumande siku mbili.

“Kaka,” aliniambia, “wewe ndiwe mtu wa lugha. Njoo unisomee mkataba huu, kwa maana nimeusoma mara tatu na kila nikiusoma naona hawakutuahidi kitu.”

Nilikwenda. Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, kwa Kiingereza, na maandishi ya ukurasa wa nyuma yalikuwa madogo hata nikaazima miwani ya naibu wa mwalimu mkuu. Ukurasa wa mbele ulieleza kwa herufi kubwa mambo ambayo shule ingelipa: shilingi 8,500 kila mwezi, zikilipwa kabla ya tarehe tano. Ukurasa wa nyuma ulieleza mambo ambayo kampuni haingelipa. Kati ya kurasa hizo mbili palikuwa na sentensi moja iliyobeba shehena yote, nayo ilisema kwamba kampuni ingejitahidi kutoa “response” kwa kila ishara itakayopokelewa.

Neno hilo lilinifikirisha usiku mzima. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna kitenzi chenye maana ya kuahidi. Warumi wa kale walipofunga mapatano ya kisheria, mmoja aliuliza kwa kitenzi hicho, “Unaahidi?” na mwenziwe akajibu kwa kitenzi kicho hicho, “Naahidi.” Hivyo neno ambalo zamani lilimfunga mtu mbele ya sheria sasa limo katika mkataba wa king'ora likiwa halimfungi yeyote. Ukilitafsiri kwa Kiswahili sanifu utapata kuitika, na kila mzazi anajua kwamba kuitika si kufika. Mtoto huitwa akiwa uwanjani, akaitika “Abee!” kwa sauti tamu, kisha akaendelea na mchezo wake.

Usiku ule kampuni iliitika. Kumbukumbu zake zilionyesha kwamba ishara ilipokelewa saa nane na dakika 41, na kwamba gari lilifika langoni saa tisa na dakika 28. Katika muda huo wa dakika 47 mhudumu wa chumba cha mitambo alikuwa amepiga simu kwenye nambari aliyopewa na shule, ambayo ilikuwa ya naibu wa mwalimu mkuu aliyehamishwa miaka miwili kabla. Hapa sina budi kuwa mkweli: kosa hilo lilikuwa la shule. Anayekodi kamsa hana budi kusema nani aamshwe, na orodha ya wenye funguo isipofanyiwa marekebisho, king'ora humwamsha mtu aliyelala wilaya nyingine.

Na majirani je? Shule imezungukwa na maboma, na king'ora kile kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Hakuna aliyetoka. Nilipomuuliza mama mmoja anayeuza mboga karibu na lango, alinijibu bila haya kwamba kitu kile hulia mvua ikinyesha na hulia popo wakiingia darini, na isitoshe, kina wenyewe wanaolipwa. Sikuweza kumlaumu. Tatizo hili si letu peke yetu. Mji wa Salt Lake City kule Marekani uliamua Desemba 2000 kwamba polisi wake hawangekimbilia tena kila king'ora cha wizi mpaka kwanza mlinzi wa kibinafsi afike na kuthibitisha kwamba kuna jambo, kwa kuwa nyingi mno za kamsa walizoitiwa zilikuwa za bure. Huko mbiu ilikuwa imelia kupita kiasi, nao walioisikia wakataka kwanza mtu akachungulie.

Bodi ya Usimamizi iliandika barua kudai fidia. Jibu lilikuja katika juma la pili, fupi na la adabu, likinukuu kifungu cha kumi na moja: kampuni si bima, haiwajibiki kwa hasara iliyosababishwa na kitendo au kutotenda kwa mfanyakazi wake, na ikitokea kwamba inawajibika, fidia haitazidi ada ya mwezi mmoja. Kompyuta kumi na nane, basi, kwa shilingi 8,500.

Rafiki yangu wa Kitivo cha Sheria aliposikia kisa hiki alicheka kicheko kisicho na furaha, akanitolea kesi ambayo kila mwanafunzi wake huisoma. Kampuni ya Securicor ilikuwa imeajiriwa kupitia usiku katika kiwanda cha kampuni ya Photo Production huko Gillingham, Uingereza, kuangalia usalama. Usiku mmoja wa Oktoba 1970, mlinzi wake mwenyewe aliwasha moto mdogo ndani ya kiwanda. Moto ukamshinda, kiwanda kikateketea, na hasara ikafika pauni 615,000. Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wenye kiwanda, lakini mwaka 1980 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliwapa ushindi Securicor. Mkataba ulisema kwamba kampuni haiwajibiki kwa kitendo cha mfanyakazi isipokuwa kama ingeweza kukitazamia na kukizuia kwa uangalifu, nao majaji walikubali kwamba maneno hayo yana maana yanayoyasema. Lord Wilberforce alikumbusha kwamba kila ziara ya mlinzi iligharimu peni 26 tu. Kwa ada ndogo hivyo, mwenye kiwanda ndiye aliyestahili kukata bima ya moto.

Msomaji atauliza: kesi ya Gillingham inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, inasema kwamba kanuni za mikataba za sheria ya kimila ya Uingereza ndizo zitakazotumika hapa, pamoja na marekebisho yake. Uamuzi wa 1980 haulazimishi mahakama zetu, lakini mawakili huutaja, na waandishi wa mikataba huandika wakiwa na kivuli chake begani.

Hata hivyo, nilipoisoma kesi ile kwa makini niliona jambo ambalo kampuni iliyoandika barua haikutaka tulione. Majaji hawakusema kwamba muuza ulinzi anaweza kuandika lolote akalala usingizi. Kifungu cha Securicor kiliacha mlango mmoja wazi: jambo ambalo kampuni yenyewe ingeweza kulitazamia na kulizuia. Je, katika kisa chetu kulikuwa na jambo la namna hiyo?

Mzee bawabu, alipotoka rumande, alikuwa na neno moja tu, nalo alilirudia kwa kila aliyemsikiliza. Alisema alibonyeza kitufe mara aliposikia bati la kwanza likilia, na taa yake haikuwaka. Akabonyeza tena na tena. Taa iliwaka wakati wezi walikuwa wamekwisha kushuka kutoka darini. Polisi hawakumwamini, kwa sababu kompyuta ya kampuni ilisema saa nane na dakika 41 na kompyuta, kama tujuavyo, haina shemeji. Katika nchi hii mlinzi maskini ndiye mshukiwa wa kwanza wa kila wizi anaoshindwa kuuzuia.

Tulitaka kuona kumbukumbu zote za ishara, wala si ule mstari mmoja waliotupatia. Hapo ndipo nilipojifunza thamani ya Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010. Kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na vilevile habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kuitekeleza au kuilinda haki yake. Maneno “mtu mwingine” yanaingiza hata kampuni ya kibinafsi, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza utaratibu wake na kuweka muda wa siku 21 za kujibu. Lakini haki hiyo amepewa raia. Shule si raia. Kwa hiyo barua haikutiwa sahihi na bodi bali na mzee mwenyewe, aliyekuwa na jina lake la kulinda. Niliiandika kwa Kiswahili ili aelewe kila neno analolitilia sahihi. Kampuni ilijibu ikiomba tafsiri ya Kiingereza. Nikaijibu kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kimeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia, na kwamba siku 21 zilikuwa zinahesabika.

Karatasi zilipokuja zilikuwa kumi na tatu. Katika ukurasa wa nne palikuwa na tarehe ya Februari, saa, nambari ya kitufe cha shule yetu, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba betri imedhoofika. Ishara hiyo ilijirudia Machi. Ilijirudia Aprili, siku sita kabla ya wizi. Mtambo ulikuwa umepiga kamsa kuhusu wenyewe kwa majuma kumi, ndani ya chumba chenye watu wanaolipwa kusikiliza, na hakuna aliyetoka.

Mkataba ulitaka vifaa vikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Daftari la ukaguzi, lililoning'inia kwa uzi kando ya kisanduku cha nyaya, lilikuwa na sahihi ya mwisho ya Oktoba. Hili halikuwa kosa la ghafla la mfanyakazi mmoja usiku mmoja, kama moto wa Gillingham. Kampuni ilikuwa imeambiwa na mtambo wake yenyewe. Fauka ya hayo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba huduma yake ina ubora unaofaa, na haki zinazotolewa na sheria hiyo haziondolewi kwa kumtia mtu sahihi kwenye karatasi inayoziondoa. Kwa maneno yenye utata, nayo hayakupungua, ipo kanuni kongwe ya mahakama kwamba neno lenye maana mbili hufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Ni kanuni ninayoipenda kuliko zote, na nimewahi kutamani itumike katika karatasi za mitihani.

Tulipokuwa tukikusanya haya, rafiki yangu wa sheria aliuliza swali ambalo bodi ilipaswa kuuliza kabla ya kulipa senti ya kwanza: je, kampuni hii imesajiliwa? Dada yangu alitoa nakala ya leseni ya biashara ya kaunti. Leseni hiyo humruhusu mtu kufungua ofisi, awe anauza ving'ora au maandazi. Hadi 2016 nchi yetu haikuwa na sheria mahususi ya ulinzi wa kibinafsi, na mtu yeyote aliyesajili kampuni angeweza kununua sare na kuajiri. Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka huo ndiyo iliyobadilisha hali. Iliunda mamlaka maalumu ya kusajili, na kuwaweka chini yake walinzi wa langoni na pia wafungaji wa ving'ora na waendeshaji wa kamera. Anayetoa huduma hizo bila kusajiliwa anatenda kosa. Shule ya umma, ambayo hununua kwa taratibu za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, haina udhuru wa kutodai cheti hicho katika zabuni. Yapo pia mawimbi ya redio, ambayo hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Bodi haikuwa imedai karatasi ya usajili wala ya leseni ya mawimbi.

Nisije nikaonekana ninaisakama kampuni peke yake, acha niseme jambo moja kuhusu kamera, maana baada ya wizi wazazi walizitaka kwa sauti moja, hata kwenye vyumba vya kulala. Nilisimama katika mkutano ule nikapinga, na wapo ambao hawajanisamehe. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na mtoto ni mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na kanuni za 2021 zinamtaka anayeendesha kamera za usalama ajisajili kwa Kamishna wa Data hata kama biashara yake ni ndogo. Picha zikivuja au zikiibwa na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Hiyo ilikuwa picha ya matangazo tu. Sijui mzazi gani angetaka mhudumu asiyemjua, katika chumba cha mitambo mjini, awe na picha ya bintiye akibadilisha nguo. Kamera ziliwekwa langoni na kwenye veranda ya maabara, na kibao kikawekwa kueleza kwamba zipo.

Kampuni haikukubali kosa. Baada ya kupokea nakala ya ukurasa wa nne kutoka kwa wakili wa bodi, ilileta kompyuta kumi, baadhi zikiwa zimetumika, pamoja na barua inayosema kwamba inazitoa kwa nia njema. Bodi ilizipokea. Mimi ningekwenda mahakamani, lakini si mimi niliyekuwa na wanafunzi mia sita wanaosubiri somo la kompyuta na mwaka wa kesi mbele yao. Polisi waliifunga jalada la mzee bila mashtaka. Alirudishiwa kazi, akashukuru, akakataa. Alisema amechoka kubonyeza.

Mwaka uliofuata dada yangu alitangaza zabuni mpya, na safari hii nilialikwa kuisoma rasimu kabla haijatiwa sahihi. Nilipendekeza kifungu cha tatu kiwe kwa Kiswahili na kiwe na maneno mawili: “Kampuni itafika.” Rasimu ilirudi ikiwa na maneno hayo, na mbele yake wameongeza “ndani ya dakika thelathini,” na baada yake “isipokuwa,” kisha mistari saba. Bodi iliketi Jumamosi nzima kuisoma ile mistari saba. Kufikia saa kumi walikuwa wamefika wa nne.